NGOMA ZA MAREHEMU MJOMBA
Jinsi ya kutengeneza seti ya zamani bila kuiharibu

Mjomba wangu alipokuwa kijana alipiga ngoma katika bendi ya dansi huko mjini. Alipozeeka alirudi kijijini na ngoma zake nne na matoazi mawili, akaziweka ghalani karibu na magunia ya mahindi. Alipofariki, hakuna aliyezigusa kwa miaka mingi ila panya na kuku. Siku moja, arusi ya binamu yangu ilipokaribia, wazee wakaniita wakaniambia: "Wewe wajua useremala kidogo. Zitengeneze ngoma za mjomba wako zipigwe arusini."

Basi, nilifanya kazi kwa bidii, lakini bila akili. Nilitwaa msasa mkali nikaanza na ngoma ndogo. Nikaikwangua nje na ndani mpaka mti ukawa mweupe kama ugali. Nilipompelekea mkaza mjomba, nikitumaini kusifiwa, yeye hakutazama nje. Alitazama ndani, akanyamaza. Kisha akauliza, "Na yale maandishi yako wapi, mwanangu?"

Kumbe mjomba alikuwa ameandika humo kwa kalamu ya risasi jina lake, na miji yote aliyopiga, na mwaka wa kila safari. Yote niliyafuta kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai. Mama yule hakunigombeza. Alisema tu, "Haya, basi," akaingia jikoni. Ingalikuwa heri kama angalinigombeza.

Tena hasara haikuishia hapo. Ngoma ile, nilipoiwamba, ililia kama debe. Ndipo nikaacha kazi, nikaanza kuuliza mafundi na kusoma. Ngoma tatu zilizosalia nilizitengeneza baada ya kujifunza, nazo zalia vema hata leo. Nawaandikieni haya, wasomaji, kwa kuwa najua ziko seti nyingine za namna hii katika maghala, shuleni, na hata nyuma ya makanisa, zingojeazo mtu mwenye mikono miepesi na msasa.

SETI YA NGOMA ILITOKA WAPI?

Zamani, katika bendi za matarumbeta, kila ngoma ilikuwa na mtu wake: mmoja alipiga ngoma kubwa, mwingine kigoma, mwingine aligonga matoazi. Huko Marekani, hasa katika mji wa New Orleans, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, bendi zilianza kupiga ndani ya kumbi ndogo. Nafasi ilikuwa haba, na fedha za kulipa watu watatu zilikuwa haba pia. Hivyo mtu mmoja akaketi kitini akazipiga zote. Lakini mikono ni miwili tu, kwa hiyo ngoma kubwa ilitafutiwa mguu.

Mwaka 1909, huko Chicago, mpiga ngoma mmoja aliyezaliwa Ujerumani, William F. Ludwig, pamoja na ndugu yake Theobald, walianza kuuza kanyagio lililoweza kwenda kasi kuliko yale yaliyokuwapo. Kutoka kanyagio hilo likazaliwa duka, na kutoka duka kikazaliwa kiwanda. Njia yao haikuwa laini. Theobald alikufa mwaka 1918 katika ugonjwa mkuu wa mafua ulioenea duniani. Baadaye kiwanda kikauzwa kwa kampuni nyingine, pamoja na jina lenyewe. William alianza upya mwaka 1937, akiziita ngoma zake WFL, yaani herufi za jina lake, kwani jina la Ludwig halikuwa mali yake tena. Ni mwaka 1955 tu ndipo familia iliponunua tena jina lake yenyewe.

Halafu tarehe 9 Februari 1964, vijana wanne Waingereza waitwao The Beatles walionekana katika televisheni ya Marekani. Watu wapata milioni 73 waliwatazama. Mpiga ngoma wao, Ringo Starr, alikuwa amekaa nyuma ya seti yenye jina la Ludwig mbele, kwa herufi kubwa. Tangu usiku ule kila kijana alitaka ngoma kama zile, na kiwanda cha Chicago kikafanya kazi usiku na mchana. Mwaka 2015 seti moja ya Ringo iliuzwa mnadani kwa zaidi ya dola milioni 2. Msidhani za mjomba wenu zitapata bei hiyo! Lakini mwaona kwamba kitu cha zamani si takataka.

KWANZA: TAZAMA, USIGUSE

Kosa langu lilikuwa kuanza na mkono badala ya jicho. Kabla ya kufungua skurubu moja, itazame ngoma yote. Piga picha, au chora katika daftari kila kitu kilipokaa. Tafuta kibati cha jina la kiwanda. Ngoma za Ludwig, kwa mfano, zilianza kupata namba katika kibati hicho wakati wa miaka ya 1963 na 1964. Humulika ndani kwa taa, pengine utakuta tarehe iliyopigwa muhuri wa wino. Tarehe hiyo yaaminika kuliko namba ya kibati, maana vibati havikufuata utaratibu kamili wakati wa kupigiliwa. Muhuri huo, na maandishi yoyote ya mwenye ngoma, usiyaguse kamwe. Ndiyo hati yake ya kuzaliwa.

Ukisha, fungua ngoma moja tu kwa wakati mmoja. Vyuma vyake vitie katika kopo lake lenyewe, ukiandike kopo hilo. Ukichanganya vyuma vya ngoma nne katika karai moja, utakaa wiki nzima ukiilaumu nafsi yako.

PILI: NGOZI YA NJE NA HATARI YA MOTO

Seti nyingi za miaka ya 1950 na 1960 hazikupakwa rangi. Zilivikwa gamba jembamba linalometa kama lulu au chaza. Gamba hilo, katika ngoma nyingi za zamani, ni seluloidi, kitu kile kile kilichotengenezwa filamu za sinema za kale. Sikilizeni vema hapa: seluloidi hushika moto upesi mno, nao huwaka kwa nguvu. Wako watu wanaotaka kulibandua gamba kwa moto au kwa pasi. Wasifanye hivyo. Wala usivute sigara karibu na kazi hiyo, wala usiweke kibatari mezani.

Kulisafisha ni rahisi. Tumia kitambaa laini, maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, kisha kausha mara moja, maji yasiingie katika mti. Petroli na tina usitumie, kwani huweza kuliyeyusha gamba na kulitia ukungu usioondoka.

TATU: VYUMA

Skurubu zilizoshika kutu zilaze katika mafuta ya taa usiku kucha, uzisugue kwa mswaki mkuukuu, uzikaushe, kisha uzipake mafuta kidogo ya mashine. Pete za kromu zenye madoa ya kutu huweza kusuguliwa kwa karatasi ya alumini iliyokunjwa na kutiwa maji. Karatasi hiyo ni laini kuliko kromu, hivyo huondoa kutu bila kukwaruza. Lakini angalieni kigoma cha alumini kilichovikwa kromu, kama kile maarufu cha Ludwig. Kromu yake ina desturi ya kufanya vidonda na kubanduka. Ukikwangua utazidisha. Kifute tu, ukiache na uzee wake.

Ndani ya vile vishikizo vya chuma vilivyo ubavuni mwa ngoma mara nyingi mna springi ndogo. Springi hizo hulia zenyewe ngoma inapopigwa, na watu hudhani mti umepasuka. Tia kipande cha pamba ndani ya kila kishikizo, nazo zitanyamaza.

NNE: MDOMO WA NGOMA

Hapa ndipo sauti inapokaa, na hapa ndipo nilipoua ngoma ya mjomba. Mzinga wa ngoma za Ludwig za miaka ya 1960 ulikuwa wa mbao tatu nyembamba zilizogundishwa pamoja na kupindwa kuwa duara, pamoja na pete ya mbao ndani, juu na chini, ili usilegee. Ukingo wa juu umechongwa mshazari, ukawa na ncha. Juu ya ncha hiyo ngozi hulala. Ikiwa ncha iko sawa pande zote, ngozi hutetemeka sawasawa. Ikiwa ina bonde mahali pamoja, au imefanywa butu bila mpango kama nilivyofanya mimi kwa msasa, ngoma haitalingana sauti hata ukaze siku nzima.

Kuipima si kazi ngumu. Tafuta kioo kinene au jiwe la marumaru lililo sawa kabisa. Ipindue ngoma juu yake, utie tochi ikiwaka ndani, kisha uzime taa ya chumbani. Mahali mwanga unapopenya chini ya ukingo ndipo palipo na bonde. Ukiona mwanga mwembamba sana mahali pamoja tu, acha. Ukiona nafasi kubwa, mpelekee fundi mwenye mashine ya kuchonga. Si kazi ya kisu wala tupa. Mti uliokwisha kukatwa haurudi.

TANO: KUUPA SURA MPYA

Ziko njia tatu. Ya kwanza ni kuliacha gamba la asili, hata kama lina mikwaruzo. Wajuzi wengi husifu njia hii, na wanunuzi pia, kwani uasili hauwezi kununuliwa dukani.

Njia ya pili ni kuvika gamba jipya, kama la zamani limepasuka au limepotea. Pima unene kwanza: gamba likizidi unene, pete ya ngozi haitaingia. Gundi ya kugusanisha hushika mara moja, hivyo yafaa watu wawili wasaidiane, mmoja akishika na mwingine akikandamiza. Mahali pa kuungana papange chini ya vishikizo, pasionekane.

Njia ya tatu ni kuacha mti wazi na kuupaka vanishi. Fahamu kwamba mti uliofichwa chini ya gamba haukukusudiwa kuonekana. Pengine una viraka na madoa ya gundi. Ukiamua hivyo, funga kitambaa puani kwa ajili ya vumbi, usugue kwa msasa namba 120, halafu 180, halafu 220, ukifuata mkondo wa nyuzi za mti, wala usikatize. Usikawie mahali pamoja, kwani ubao wa juu ni mwembamba. Usiguse ukingo wala upande wa ndani. Paka vanishi nyembamba, ingoje ikauke kabisa, isugue kidogo kwa msasa laini, upake tena. Mipako minne miembamba hushinda mmoja mnene.

SITA: KUWAMBA

Hadi miaka ya 1950 ngoma hizi ziliwambwa ngozi ya ndama. Nazo zilikuwa na tabia ile ile ijulikanayo na kila mpiga ngoma wa kijijini: mvua ikinyesha hulegea, jua likiwaka hukaza. Sisi huziotesha moto. Wapigaji wa Marekani nao walizikausha kwa taa. Mwaka 1956 na 1957 Wamarekani wawili, Chick Evans na Remo Belli, walianza kuuza ngozi za plastiki zisizojali mvua, na hizo ndizo zilizoenea dunia nzima.

Unapokaza, usizunguke kama saa. Kaza skurubu moja nusu mzunguko, kisha ile inayoielekea ng'ambo, kisha nyingine, mpaka zote zipate sehemu sawa. Gonga karibu na kila skurubu usikilize: sauti iwe moja. Wala usikaze kupita kiasi. Wahenga walisema, ngoma ikivuma sana haikawii kupasuka.

MWISHO

Arusi ilifika, ngoma tatu zikapigwa. Ile ya nne sikuipeleka. Niliipelekea kwa fundi, naye akaichonga upya mdomo. Ilipungua kimo kidogo, lakini sauti ikarudi.

Kisha nilikwenda kwa mkaza mjomba na kalamu ya risasi. Nilimwomba anitajie ile miji na ile miaka. Alikumbuka saba. Ya nane alikumbuka mji, si mwaka. Niliandika alivyosema, ndani ya mzinga, na chini yake nikaacha nafasi, kwa kuwa alisema huenda mengine yatamjia usiku. Mpaka leo, kila nikienda kumsalimu, hunituma kuileta ngoma ile, na mara mbili tumekwisha kuongeza mstari.

Ndugu msomaji, ikiwa una ngoma ya marehemu ghalani, itoe, ufute vumbi, umulike taa ndani. Soma kwanza. Msasa utangoja.