Je, Ni Halali Kiongozi Kuomba Msaada Ugenini?

Mambo ya uchaguzi hubishaniwa kwa hasira, na hasira si mwalimu mwema. Basi leo na tuangalie kwa utulivu shauri moja lililotikisa Marekani: shauri la Rais Donald Trump na nchi ya Ukraine, lililoanza mwaka 2019. Watu waliuliza: Je, alivunja sheria ya uchaguzi kwa kutafuta msaada wa wageni? Wengine walijibu ndiyo, wengine siyo, na wengi walijibu kabla ya kuitazama sheria yenyewe.

Kwanza, sheria. Mwaka 1966 Marekani ilianza kuwazuia wageni wasitie fedha zao katika uchaguzi wake, na mwaka 1974 katazo hilo likapanuliwa. Sheria ya sasa yakataza mtu yeyote kupokea kwa mgeni fedha au kitu kingine chenye thamani kwa ajili ya uchaguzi. Tena yakataza hata kuomba. Maana yake, kosa halingoji mpaka kitu kitolewe.

Pili, tendo. Tarehe 25 Julai 2019 Bwana Trump alizungumza kwa simu na Rais Volodymyr Zelensky wa Ukraine. Alimwomba amfanyie hisani, akamtaka achunguze habari za Joe Biden na mwanawe, Hunter, aliyekuwa mjumbe wa bodi ya kampuni moja ya gesi huko Ukraine. Wakati huo Bwana Biden alikuwa akitafuta kuteuliwa na chama chake ili ashindane na Trump mwaka 2020. Na wakati huo huo msaada wa kijeshi wa dola milioni 391 hivi kwa Ukraine ulikuwa umezuiliwa. Ulifunguliwa tarehe 11 Septemba.

Bwana Trump alijitetea kwamba mazungumzo yale hayakuwa na kasoro, na kwamba nia yake ilikuwa kupinga rushwa. Naye Bwana Zelensky alisema hakushurutishwa.

Tatu, fundo lenyewe: Je, uchunguzi juu ya mshindani ni kitu chenye thamani? Sikukuu ya mavuno watu huleta kanisani kuku, mayai na madebe ya mahindi, na karani huviandika vyote kuwa sadaka, ingawa si fedha. Hilo ni jepesi. Lakini mtu akileta habari za kumwaibisha jirani, tumwandikie shilingi ngapi? Wizara ya Sheria ya Marekani ilikwama hapo hapo. Mwezi wa Septemba 2019 ilisema haikuona kosa la sheria ya uchaguzi, kwa kuwa thamani ya jambo lililoombwa haikuweza kupimwa.

Miezi michache kabla ya hapo, Robert Mueller naye alikutana na ugumu kama huo. Alichunguza mkutano wa Juni 2016, ambamo mwana wa Bwana Trump na wenzake walionana na mwanasheria wa Kirusi, baada ya kuahidiwa habari mbaya za Hillary Clinton. Hakuwashtaki, kwa sababu ilikuwa vigumu kuthibitisha kwamba walijua wanavunja sheria, na kwamba habari zile zilifikia thamani ya dola 25,000, kiasi cha kosa kubwa.

Nne, mwamuzi. Tume ya Uchaguzi ya Marekani ina viti sita, nayo haiwezi kukata shauri bila wajumbe wanne. Mwisho wa Agosti 2019 walibaki watatu. Basi shauri likaenda mbele ya wanasiasa. Tarehe 18 Desemba 2019 Baraza la Wawakilishi lilimshtaki Rais kwa kutumia vibaya madaraka yake, kura 230 kwa 197, na kwa kulizuia Baraza katika kazi yake. Tarehe 5 Februari 2020 Seneti ilimwachilia. Katika shtaka la kwanza 48 walimwona na hatia na 52 walikataa, na katika chama chake ni Mitt Romney peke yake aliyemwona na hatia. Seneta Lamar Alexander, wa chama hicho hicho, alisema jambo lile halikufaa, lakini halikutosha kumwondoa Rais.

Tusemeje basi? Tusiseme alihukumiwa, maana hakuhukumiwa. Wala tusiseme sheria ilimsafisha, maana swali lile halikufikishwa mahakamani kwa mashtaka. Sheria isiyo na kipimo wala mwamuzi ni kama mzani uliokatika kamba: bidhaa ipo, na wanunuzi wapo, lakini hakuna ajuaye uzito.

Tukumbuke Ahazi, mfalme wa Yuda. Alipobanwa na adui alitwaa fedha na dhahabu za nyumba ya Bwana, akampelekea mfalme wa Ashuru ili amwokoe. Akaokolewa kwa siku chache, kisha akawa mtumwa wa mwokozi wake. Ndiyo sababu sheria kama hii hutungwa. Mgeni asaidiaye mtu kushika kiti hana kura ya kupiga, lakini ana deni la kudai, na deni hilo hulipwa na raia wasioulizwa.

Kwa hiyo mgombea ajapo kutuomba kura, tusimwulize tu atatupa nini. Tumwulize pia ni nani anayemsaidia, na huyo anataka nini.