VPN katika simu: Namna ya kuiweka, na mambo ya kuzingatia kabla ya kuiwasha

KWA muda mrefu VPN ilikuwa huduma ya wafanyakazi wa mabenki, mashirika na makampuni makubwa, waliohitaji kufungua mafaili ya ofisini wakiwa safarini. Leo huduma hiyo imeingia hata katika simu ya mwanafunzi, mfanyabiashara na dereva wa teksi, mara nyingi bila mhusika kufahamu inafanya kazi gani hasa.

Mambo kadhaa yameisogeza karibu na watu wa kawaida. Nchini Uganda, Serikali ilipoanza kutoza kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa watumiaji wa mitandao ya kijamii mwezi Julai 2018, wengi walikimbilia VPN ili kuikwepa. Nchini Tanzania, mtandao wa X ulipofungwa mwezi Mei 2025, watu wengi walifanya vivyo hivyo.

Lakini VPN ni nini? Kwa kawaida simu inapofungua tovuti, ombi lake hupitia kwa kampuni ya simu, au kwa mwenye Wi-Fi ya hoteli au mgahawa, kabla ya kufika linakokwenda. Wote hao wanaweza kujua ni tovuti ipi imetembelewa. VPN hubadili njia hiyo. Simu hufumba taarifa zote kwa msimbo wa siri, kisha huzipeleka kwanza kwenye kompyuta ya mtoa huduma ya VPN, ambayo huzifumbua na kuzifikisha mahali pake.

Ni sawa na mtu anayetia barua yake ndani ya bahasha ya pili yenye anuani ya wakala. Posta huona anuani ya wakala tu. Wakala mwenyewe, akishafungua bahasha ya nje, hujua barua inakwenda kwa nani. Kwa maana hiyo VPN haiondoi haja ya kumwamini mtu. Inachofanya ni kuhamisha imani hiyo kutoka kwa kampuni ya simu na kuipeleka kwa mtoa huduma mwingine, ambaye pengine yuko nchi ya mbali.

Hapo ndipo penye hatari kubwa. Mwaka 2016 watafiti wa shirika la sayansi la Australia, CSIRO, pamoja na wenzao wa vyuo vikuu, walichunguza programu 283 za VPN za simu za Android. Asilimia 38 zilionyesha dalili za kuwa na programu haribifu, na asilimia 18 hazikufumba taarifa za mtumiaji hata kidogo.

Programu ya Onavo, ambayo kampuni ya Facebook iliinunua mwaka 2013, ilitangazwa kuwa kinga ya mtumiaji, kumbe ilikuwa ikikusanya habari za programu nyingine anazotumia. Iliondolewa katika duka la Apple mwaka 2018. Mwaka 2023 mahakama ya Australia iliyatoza makampuni mawili tanzu ya Meta faini ya dola milioni 20 za nchi hiyo kwa sababu hiyo.

Hatua ya kwanza, basi, ni kuchagua mtoa huduma. Ni vyema kuuliza kampuni inajulikana ilipo, inapata wapi fedha za kuendesha huduma, na kama imewahi kukaguliwa na wataalamu wasio wake. Kuendesha kompyuta za VPN kuna gharama. Anayetoa huduma bure bila kueleza anavyojilipa huenda anauza habari za wateja wake. Programu ipakuliwe katika duka rasmi la simu pekee, si kupitia faili linalosambazwa katika makundi ya WhatsApp.

Njia iliyo rahisi ni kutumia programu ya mtoa huduma. Mtumiaji huipakua, hufungua akaunti, huchagua nchi na kubonyeza kitufe cha kuunganisha. Mara ya kwanza simu huomba ruhusa ya kuweka VPN. Akikubali, kazi imekwisha. Iwapo programu hiyo itaomba pia kusoma ujumbe mfupi au orodha ya majina ya simu, ni heri kuiondoa, kwani VPN haihitaji mambo hayo.

Njia ya pili ni kwa mtu aliyepewa anuani ya kompyuta, jina la mtumiaji na nywila na ofisi yake. Katika simu nyingi za Android hufunguliwa Mipangilio, kisha sehemu ya mtandao na intaneti, halafu VPN, na kubonyezwa alama ya kujumlisha. Hapo hujazwa jina, aina ya VPN, anuani na nywila. Kuanzia toleo la Android 12, aina za zamani za PPTP na L2TP haziwezi kuongezwa upya. Inayotumika ni IKEv2.

Katika iPhone hufunguliwa 'Settings', 'General', 'VPN & Device Management', kisha 'VPN', na kuongezwa taarifa hizo hizo. Apple iliondoa PPTP tangu toleo la iOS 10 la mwaka 2016, kwa kuwa usalama wake ni dhaifu.

Baada ya kuunganisha, alama ya ufunguo au herufi VPN hutokea juu ya kioo. Ili kuhakikisha, mtumiaji anaweza kufungua tovuti inayoonyesha namba ya utambulisho wa intaneti, yaani IP, kabla na baada ya kuwasha. Namba isipobadilika, VPN haifanyi kazi.

Zipo kazi ambazo VPN haiziwezi. Haimzuii mtu kutoa nywila yake kwa tapeli. Haimfichi aliyekwisha kuingia katika akaunti yake ya Facebook au Google. Haigusi huduma za fedha zinazofunguliwa kwa kupiga namba za nyota na reli, kwa sababu hizo hazipiti katika intaneti. Haipunguzi matumizi ya bando, bali huyaongeza kidogo. Tena intaneti inapozimwa kabisa, kama ilivyotokea Tanzania kuanzia siku ya Uchaguzi Mkuu, Oktoba 29, 2025, VPN haina njia ya kupita.

Lililo muhimu zaidi ni sheria. Mwezi Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) iliwataka watu na makampuni yanayotumia VPN kutoa taarifa zao, ikiwemo namba ya IP, kabla ya Oktoba 30 mwaka huo. Ilitegemea Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2020, zinazotaja faini isiyopungua shilingi milioni tano, au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili.

Wafanyabiashara wanaokwenda Dubai nao wanapaswa kuwa waangalifu. Sheria ya makosa ya mtandao ya Umoja wa Falme za Kiarabu ya mwaka 2021 inamwadhibu anayeficha namba yake ya IP kwa nia ya kutenda kosa au kulificha, na faini yake ni kati ya dirham 500,000 na milioni mbili.

Hivyo, kabla ya kubonyeza kitufe cha kuunganisha, kila mtumiaji anapaswa kujua mambo mawili: nani atakayekuwa akipokea taarifa zake upande wa pili, na sheria ya nchi aliyomo inasemaje. Asiyejua la kwanza anaweza kupoteza siri zake. Asiyejua la pili anaweza kujikuta mahakamani.