Kibwezi, kijiji kilichozaa misheni ya Thogoto

WASAFIRI wengi wa barabara kuu ya Nairobi hadi Mombasa huujua mji wa Kibwezi, Kaunti ya Makueni, kama kituo cha njiani tu. Wachache hufahamu kuwa Kanisa la Presbyterian la Afrika Mashariki (PCEA) lilianzia hapo.

Mnamo 1891, William Mackinnon, aliyeongoza kampuni ya Imperial British East Africa, pamoja na wenzake walifadhili misheni ya Waskoti. Msafara uliongozwa na Dkt James Stewart, mmishonari aliyekuwa amefanya kazi kwa miaka mingi huko Lovedale, Afrika Kusini.

Kibwezi ilichaguliwa kwa sababu zilizoeleweka. Ilikuwa kando ya njia ya misafara ya kwenda bara na, katika nchi kame ya Ukambani, ilikuwa na maji ya kudumu. Mvua inayonyesha katika vilima vya Chyulu hupenya mawe ya volkano, kisha huibuka chini kama chemchemi, ikiwemo ile ya Umani.

Lakini neema hiyo ilikuwa na adhabu yake. Penye maji na joto hapakosi mbu, na malaria iliwaangamiza wamishonari kadhaa katika miaka ya mwanzo. Wakati huo wengi waliamini kuwa homa hiyo hutokana na hewa mbaya ya mabwawa. Ni mwaka 1897 tu ambapo Ronald Ross, akiwa India, aligundua vimelea vya malaria ndani ya mbu.

Ujuzi huo haukuiokoa misheni ya Kibwezi. Mwaka 1898, chini ya Thomas Watson, ilihamishiwa nyanda za juu za Ukikuyu zenye baridi. Wenyeji wa huko walilitamka jina la Waskoti kwa namna yao, na mahali hapo pakaitwa Thogoto. Hapo ndipo Jomo Kenyatta aliposomea kuanzia 1909, na karibu na hapo Shule ya Upili ya Alliance ikafunguliwa 1926.

Hivyo, shule na hospitali zilizoipa Thogoto sifa zingaliweza kuota mizizi Makueni. Kilichozihamisha si uzembe wa wenyeji wala uchache wa rutuba, bali mdudu mdogo ambaye madhara yake hayakuwa yamejulikana. Wanaopima maendeleo ya maeneo kwa wingi wa shule kongwe hawana budi kulikumbuka hilo.