Ukaidi si Tawakkul: Simu ya Mke Usiku wa Theluji

SIFA zote njema anastahiki Allah (SW), na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (SAW).

Ilikuwa mwezi wa Januari, kati ya Magharibi na Isha, katika mji tunaoishi kaskazini mwa Marekani, karibu na Ziwa Erie. Sisi wa kamati tulikuwa wanne tu msikitini, na nje theluji ilipeperushwa na upepo hata taa za barabarani hazikuonekana. Simu ya katibu ikalia. Alikuwa dada yetu mmoja katika Uislamu. "Ndugu katibu, baba watoto amefika hapo?"

Hakuwa amefika. Aliondoka nyumbani saa kumi alasiri, kwa safari ya dakika 20, kwa kuwa ilikuwa zamu yake kuadhini.

Dada yule alitusimulia kwamba alimsihi mumewe mlangoni asitoke. Mume, ambaye kwa miaka mingi aliendesha malori ya mizigo baina ya Kigoma na Dar es Salaam, alimjibu kwamba aliyevuka matope ya masika hawezi kuogopa pamba hii, na kwamba ajali i mikononi mwa Allah. Mke akanyamaza, asije akadhaniwa kuwa imani yake ni dhaifu. Tangu hapo alikaa dirishani, akipiga simu isiyopokelewa.

Baada ya saa mbili na nusu, dereva wa gari la kuondoa theluji alimkuta ndugu yetu. Gari lilikuwa limeteleza na kutumbukia mtaroni, si mbali na msikiti. Simu yake ilikuwa imezimwa na baridi, na vidole vimekufa ganzi. Alipopewa simu azungumze na mkewe, mke hakumlaumu. Alimuuliza, "Umekula?" Kisha tukasikia kilio.

Hofu ya dada yule ilikuwa na msingi. Theluji si tope. Chini yake hukaa barafu nyembamba inayofanana na lami iliyolowa maji, na juu yake breki hazimtii dereva. Gari likikwama na theluji ikaziba bomba la moshi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu huingia ndani na kuua. Katika dhoruba ya Disemba 2022 mjini Buffalo na vitongoji vyake, walikufa watu zaidi ya 40, na baadhi yao walikutwa ndani ya magari yao. Mji huo una familia nyingi za wakimbizi wazungumzao Kiswahili.

Hata hivyo, lawama haikuwa ya mume peke yake. Sisi wa kamati hatukuwa tumetangaza lolote, tukidhani kila mtu angeelewa. Tuliisahau rukhsa tuliyoisoma chuoni: Ibn Abbas (RA), siku ya Ijumaa yenye mvua, alimwamuru muadhini awatangazie watu waswali majumbani mwao. Watu walipostaajabu, aliwajulisha kwamba aliyekuwa mbora kuliko yeye, yaani Mtume (SAW), alifanya hivyo. Mwenye zamu ya kuadhini alikuwa na haki ya kubaki nyumbani, nasi tulikuwa na wajibu wa kumwambia. Sasa dhoruba ikitabiriwa, tangazo hutolewa kabla ya Adhuhuri.

Kwa waume tunasema: tawakkul huja baada ya kumfunga ngamia. Na kusikiliza ushauri wa mke hakumpunguzii mwanamume heshima yake. Hudaybiyya, masahaba walipozidiwa na huzuni wasiinuke kuchinja, Mtume (SAW) alimweleza mkewe Ummu Salama (RA). Bibi huyo alimshauri atoke, asiseme na mtu, achinje mnyama wake na anyolewe. Alifanya hivyo, na watu wakamfuata. Ikiwa mbora wa viumbe alipokea shauri la mkewe, sisi ni nani hata tulikatae mlangoni mwetu?

Kwa wake tunasema: msinyamaze. Onyo la mapema na kwa upole ni nasaha. Mume akishika njia yake, mkubaliane atapitia wapi na atapiga simu saa ngapi. Garini mwekeeni blanketi, tochi, maji, chakula na beleshi. Akikwama asiliache gari. Asafishe bomba la moshi, awashe injini dakika 10 hivi kila saa, na afungue dirisha kidogo.

Ndugu yetu bado anaadhini. Theluji ikianza, humtazama mkewe kwanza, kisha hutupigia simu kuuliza iwapo tumefunga.

Allah azihifadhi familia zetu na atujaalie usikivu baina yetu. Amin.