Kamera ya kwanza na mwanga wa Johannesburg

Picha huzaliwa pale mwanga unapopita kwenye lenzi na kuangukia filamu au, katika kamera za dijitali, kihisi. Mambo matatu huutawala mwanga huo: upana wa tundu la lenzi, muda ambao shata hukaa wazi, na wepesi wa kihisi kupokea mwanga, unaoonyeshwa kwa namba za ISO. Tundu likipanuliwa, mandhari ya nyuma hufifia. Shata ikifunguka kwa sehemu moja ya 1,000 ya sekunde, mchezaji anayeruka huganda hewani. ISO ikipandishwa mno, picha hujaa chengachenga. Anayeanza anahitaji kamera inayomwachia ayapange hayo matatu mwenyewe. Mengi ya yanayonadiwa kwenye boksi ni chambo cha kuuzia.

Wapiga picha wa Johannesburg walilithibitisha hilo zamani. Peter Magubane, aliyezaliwa 1932, alianza na Kodak Brownie, kamera ya boksi aliyopewa na baba yake. Katika miaka ya 1950 aliingia jarida la Drum kama dereva, akapanda hadi kuwa mpiga picha. Katika mji wa Zeerust mwaka 1956, waandishi walipozuiwa kufanya kazi, aliificha kamera ndani ya mkate aliouchimba katikati, akapiga picha huku akijifanya anakula. (Kamera nyingi zinazotamaniwa madukani leo zisingeenea katika mkate wowote.) Tarehe 16 Juni 1976, Sam Nzima wa gazeti la The World alimpiga picha Hector Pieterson, mwanafunzi aliyepigwa risasi na polisi katika maandamano ya wanafunzi ya Soweto, akiwa amebebwa. Alitumia Pentax SL, kamera isiyo hata na kipima mwanga ndani yake. Filamu aliificha kwenye soksi ili polisi wasiipate.

Kwa leo, simu yatosha kujifunzia kupanga picha, lakini kihisi chake ni kidogo sana na tundu la lenzi yake kwa kawaida halibadiliki, hivyo usiku na michezo huishinda mapema. Chaguo la busara kwa mwenye fedha kidogo ni DSLR, kamera yenye kioo ndani, iliyotumika. Kamera mpya zisizo na kioo ni nyepesi, na mpigaji huuona mwanga wa picha yake kabla ya kubonyeza, ila bei zake hupaa na betri huisha haraka zaidi. Fedha ikibaki, iende kwenye lenzi. Ile ya milimita 50 yenye tundu la f/1.8 ni miongoni mwa lenzi za bei nafuu, na huingiza mwanga karibu mara kumi ya lenzi ya kawaida ya 18-55 inayokwama kwenye f/5.6.

Kamera iliyotumika ikaguliwe kabla ya kulipiwa: shata imefunguka mara ngapi, lenzi ina ukungu au mikwaruzo, kihisi kina madoa yanayoonekana ukipiga anga tupu. Namba ya usajili iliyokwanguliwa ni dalili ya mali ya wizi.

Anayetaka mwalimu atampata Newtown, jijini Johannesburg, katika shule ya Market Photo Workshop, iliyoanzishwa na mpiga picha David Goldblatt mwaka 1989, wakati ubaguzi wa rangi ukiwafungia wengi milango ya shule za upigaji picha. Wapiga picha Zanele Muholi na Jodi Bieber walipita hapo.

Mji wenyewe, ulio zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, una jua kali na vivuli vyeusi saa za mchana. Nyuso hutoka vizuri zaidi asubuhi au jioni, au zikisogezwa kivulini. Juni hadi Agosti anga huwa kavu na jua hupita chini. Kiangazi, mvua za radi hupenda kuja alasiri, na kamera nyingi za bei ndogo hazihimili maji, kwa hiyo mfuko wa plastiki uwe ndani ya mkoba.