Mfereji wako Nairobi unaanzia shambani kwa guka

Ukiishi Nairobi, ratiba ya mgao wa maji unaijua kuliko ratiba ya ligi. Kuna siku ya mtaa wenu, na kuna siku za kumngoja jamaa wa mkokoteni na mitungi yake ya lita 20. Mfereji ukikauka tunalaumu kampuni ya maji, tunalaumu kaunti, wengine wanalaumu mvua. Ni wachache wanaokumbuka miteremko ya Murang'a, ambako huenda guka wako ndiye mwenye shamba.

Takriban asilimia 95 ya maji ya jiji hutoka sehemu za juu za bonde la mto Tana, kwenye mito kama Chania na Thika inayoteremka kutoka Aberdare. Ghala kuu ni bwawa la Ndakaini, lililokamilika 1994, lenye uwezo wa kuhifadhi mita za ujazo milioni 70. Ukitoka msituni kufuata mito hiyo, unachokuta ni mashamba ya chai, kahawa, mahindi na viazi, mengine robo ekari tu, na mengi yamelimwa hadi ukingoni.

Sasa mvua ya masika ikipiga mteremko ambao hauna matuta, udongo wote mzuri unashuka, pamoja na mbolea uliyonunua kwa shida. Mto unageuka rangi ya chai ya maziwa. Kusafisha maji ya aina hiyo kunahitaji kemikali zaidi, na mchanga unaobaki unajaa kwenye mabwawa, hata yale ya stima huko chini kama Masinga. Mkulima amepata hasara, na jiji limepata hasara, kwa udongo uleule.

Ndiyo maana Machi 2015 ilizinduliwa Hazina ya Maji ya Upper Tana-Nairobi, ya kwanza ya aina yake Afrika. Wazo lilikuwa limejaribiwa Quito, Ecuador, tangu 2000: wanaotumia maji huku chini wachangie wanaoyatunza huko juu. Shirika la The Nature Conservancy lilishirikiana na kampuni ya maji ya Nairobi, KenGen na kampuni za vinywaji, ambazo bila maji safi hazina biashara. Hesabu yao ya mwanzo ilikuwa kwamba dola milioni 10 zikitumika kwa miaka 10, faida yake itafika dola milioni 21.5 katika miaka 30.

Lakini ukisikia neno ruzuku usianze kuangalia M-Pesa. Msaada huja kama miche, nyasi, mafunzo, na karatasi ngumu ya plastiki ya kutandika kwenye kidimbwi cha maji ya mvua. Shimo unachimba mwenyewe, na si mchezo. Kuna pia matuta ya fanya juu: unachimba mtaro kukata mteremko, udongo unautupa upande wa juu, kisha unapanda nepia kwenye tuta. Nepia inashika udongo na ng'ombe anakula. Kidimbwi nacho kinakupa maji ya kunyunyizia sukuma wiki Januari, wakati mto umepungua na kila mtu anataka kuingiza pampu. Binafsi naona hapo walifikiria vizuri, kwa sababu mkulima anaona faida yake msimu uleule. Hakuna mtu atachimba mtaro kwa ajili ya mfereji wa Kileleshwa, bana.

Ugumu unakuja kando ya mto wenyewe. Kanuni za maji zinataka angalau mita 6 kutoka ukingoni ziachwe bila kulimwa. Hebu piga hesabu. Shamba la robo ekari lina karibu mita 1,012 za mraba. Kama linapakana na mto kwa mita 30, umepoteza mita 180 za mraba, zaidi ya sehemu moja kati ya sita. Unaweza kuacha nyasi za mifugo pale, ndiyo, lakini nyasi si mahindi.

Kwetu tatizo lilikuwa mikaratusi. Guka aliipanda kando ya mto miaka ya themanini, na nguzo zake ndizo zilizolipa karo ya baba na shangazi zangu. Mti huo unakunywa maji kama hauna adabu, na haufai kabisa kuwa ukingoni. Nilipomweleza hayo Krismasi iliyopita nilinyamazishwa mbele ya ukoo mzima, na nadhani nilistahili. Mimi ndiye ninayeshika jembe nikienda ushago, lakini hati ya shamba ina jina lake. Vijana wengi tuko hapo: tuna nguvu ya kuchimba, uamuzi si wetu.

Isitoshe, hoja yake ilikuwa na uzito. Wakazi wa karibu na Ndakaini wamelalamika kwa miaka kwamba maji yanawapita kwa mabomba kuelekea jijini huku wao wakiteka mtoni. Viongozi wa Murang'a nao wamekuwa wakidai mgao wa pesa zinazotokana na maji hayo. Miche na karatasi ya plastiki ni mwanzo mzuri, lakini mzee anayeombwa kung'oa akiba yake ana haki ya kuuliza ni nani atamfidia.

Hatimaye alikubali tuiuze mikaratusi, asipande mingine, mradi pesa ziwe zake na pale mtoni tupande nepia ya ng'ombe wake. Shida ni kwamba mkaratusi ukiukata unachipuka tena. Likizo hii ya Agosti nina visiki 14 vya kuondoa machipukizi kila wiki, na shimo la kidimbwi ambalo kwa sasa limenifika kiunoni.