Bibi, Mke Mwenzangu

Kila mwezi katika kurasa hizi tunazungumzia mapenzi: jinsi ya kuyapata, jinsi ya kuyatunza, na ya kufanya yakigoma. Mwezi huu nimewaomba wenzangu hapa ofisini waniachie nafasi nimzungumzie mwanamke ambaye hakuwahi kusherehekea Valentine hata siku moja, na sijawahi kumsikia akimwambia mtu "nakupenda". Ni bibi yangu mzaa baba, mwanamke wa Kihaya kutoka Muleba, mkoani Kagera. Tulimzika mwaka 2023.

Tulikuwa wajukuu wanane kwake, watoto wa wanaume watatu. Wanaoikumbuka Kagera ya miaka ya 1990 hawana haja ya kuuliza baba zetu walikuwa wapi. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligundulika mkoani humo mwaka 1983, wakati ugonjwa wenyewe haujapata jina la Kiswahili. Watu waliuita Juliana, jina la kitambaa kilichokuwa kwenye fasheni. Dawa za kupunguza makali zilianza kutolewa bure na serikali mwaka 2004. Hesabu mwenyewe, ni miaka 21. Ndani ya miaka hiyo Bibi aliwazika wanawe wote watatu na wakwe zake. Baba yangu alikufa mwaka 1994, nikiwa na miaka sita. Mama hakumaliza mwaka baada yake.

Usimfikirie yule bibi wa kwenye matangazo ya chai, anayetabasamu muda wote na kitenge kipya. Bibi alikuwa mkali jamani! Ukivunja chungu ulikuwa unasikia habari zake mpaka Krismasi. Kahawa ndiyo iliyotulipia ada, ile robusta inayooteshwa katikati ya migomba, na kila mmoja wetu alikuwa na miche yake ya kuvuna. Hukuvuna, ulieleza kwa nini. Usiku, tukishalala kwenye mikeka, alipita na kibatari kilichozimwa ili kuokoa mafuta, akitupapasa vichwa kimoja kimoja gizani na kuhesabu kwa sauti ya chini. Nilikuwa najifanya nimelala. Asipofika nane alianza upya.

Mwaka 1997 Babu naye akafariki, na hapo ndipo mambo yalipoiva.

Kwa wasiofahamu, kibanja kwa Mhaya ni lile shamba la migomba linaloizunguka nyumba. Ndimo unamokula, na ndimo mnamozikana. Arobaini ya Babu haijafika, mdogo wake akaja na wazee wawili wa ukoo. Walikuja kwa heshima zote, na kibuyu cha rubisi mkononi. Ujumbe wao ulikuwa mfupi: mwenye kibanja ametangulia, kwa hiyo kibanja kirudi kwenye ukoo.

Hawakuwa wametunga. Kanuni za sheria za kimila zilizoandikwa na serikali mwaka 1963 zinasema mjane hana fungu katika urithi kama mumewe ameacha jamaa wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake, kama alivyowatunza wao. Ukiisoma haraka inasikika vizuri, hata ina utu. Lakini mjane aliyewazika watoto wake wote atatunzwa na nani?

Bibi hakubishana. Aliomba kikao siku ya Jumapili. Siku hiyo alituogesha wote, akatupaka mafuta, akatupanga kwenye mkeka mbele ya wazee kuanzia mkubwa mwenye miaka 14 hadi mdogo wa miaka mitatu. Wazee walipomaliza kuzungumza, akasimama na kusema: "Nimesikia. Kibanja ni cha ukoo, na hawa pia ni wa ukoo. Anayechukua kibanja aondoke nao leo, nguo zao nimeshazifunga."

Na kweli, vifurushi vinane vilikuwa mlangoni.

Kikao kikawa kimya. Mmoja akakohoa. Mwingine akakumbuka kuwa ana ng'ombe hajamfunga. Kibanja kikabaki, na Babu mdogo akaendelea kuja kunywa chai kama kawaida, maana Bibi hakuwa mtu wa kuweka kinyongo na shemeji.

Baadaye sana, nikiwa chuo, nilisoma kesi ya Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya aliyeuza ardhi ya ukoo aliyoirithi kwa baba yake na kupelekwa mahakamani. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua kuwa mwanamke anayo haki ya kuuza ardhi hiyo sawa na mwanaume. Nilimsimulia Bibi kwa furaha kubwa. Akanisikiliza, kisha akauliza: "Sasa alipouza, makaburi alimwachia nani?"

Huyo ndiye Bibi. Haki yake aliitaka yote, lakini kuuza hakukuwa akilini mwake hata kidogo.

Mwaka 2014 nilimpeleka mchumba wangu kijijini, mtoto wa Dar aliyezaliwa kwenye familia ya watoto wawili. Utani wetu unaujua: mjukuu wa kike ni mke mwenza wa bibi yake, na mume wa mjukuu ni mume wa bibi pia. Bibi akamkalisha karibu yake, akamtazama kuanzia viatu kwenda juu, akamwambia: "Mume wangu, huyu mdogo nilikuwa nakulelea tu. Ukimchoka nirudishie mzima. Sipokei vipande." Watu walicheka. Mchumba wangu alicheka kidogo, kisha akaacha.

Ndoa yetu ilipata mtihani wa kwanza mwaka 2017, na nadhani wengi wenu mnaujua. Kaka yetu mkubwa alipoteza kazi, akaomba mwanawe aje kusoma akikaa kwetu. Tulikuwa na vyumba viwili Tabata na mtoto mchanga. Mume wangu akasema familia ni mimi, yeye na mtoto wetu, basi. Kwa wiki nzima tuliongea kupitia mfanyakazi wa ndani.

Nikampigia Bibi nikitegemea aniunge mkono. Kha! Akaniambia mume wangu ana haki ya kuuliza. Kumbe aliwahi kumkataa mtoto wa tisa. Jirani alimleta, na Bibi akajua chakula hakitatosha, akafunga safari kwa miguu kwenda kumtafutia mtoto yule shangazi yake. "Wanane niliwaweza," alisema. "Wewe unawaweza wangapi? Kaeni mhesabu." Tukakaa tukahesabu, na kalamu na daftari. Mtoto alikuja akakaa mpaka alipomaliza kidato cha nne, na gharama zake tuligawana ndugu wote wanane, kila mwisho wa mwezi. Wanandoa wanaoniandikia kuhusu ndugu wa mume au wa mke nawajibu hivyo hivyo: kabla ya kununiana, tafuteni daftari.

Sipendi tunavyowasifia mabibi kwenye misiba kana kwamba walizaliwa ili watulee. Bibi alikuwa anachoka. Mgongo ulikuwa unamuuma, na mtoto wa jicho alikuwa amemfunga macho yote mawili mpaka mwaka 2011 tulipochanga akafanyiwa upasuaji Bukoba. Bandeji ilipofunguliwa alituangalia tuliojipanga pale, akasema: "Kumbe mmezeeka hivi."

Mwaka 2019 alimwita mwenyekiti wa kijiji na mashahidi wa ndani na nje ya ukoo, akatembea nao kibanja chote akimwonyesha kila mjukuu mpaka wake. Wasichana tulipata sawa na wavulana. Sehemu yangu ina migomba thelathini na kitu, na makaburi ya Baba na Mama. Yeye mwenyewe alizikwa hatua chache kutoka hapo.

Mwaka huu amejitokeza mnunuzi anayetaka kibanja kizima, na bei yake si mbaya. Wanne kati yetu wanataka kuuza, na siwalaumu. Wana ada za kulipa na wamepanga nyumba mjini. Mume wangu, yule yule wa familia ya watu watatu, ndiye aliyenishangaza. Nilipomwonyesha ujumbe wa mnunuzi alisoma, akanirudishia simu na kusema, "Pale amelala mke wangu mkubwa. Mimi sitii saini."

Kikao ni Desemba. Tiketi za basi tumeshakata.